Swali la Mlangoni

Msomaji, ukifika nyumbani kwa mtu wapiga hodi. Husukumi mlango, hupiti dirishani, wala huanzi kueleza haja yako kabla hujaitikiwa. Aliyemo ndani huuliza, "Nani?" nawe hujibu, "Mimi." Jibu hilo, likipimwa kwa mizani ya mantiki, halina maana yoyote, kwa kuwa kila mtu duniani ni "mimi" kwake mwenyewe. Walakini mwenye nyumba huridhika nalo. Hakuwa akiuliza jina. Alikuwa akiisikiliza sauti. Sauti humwambia kama aliyeko nje ni jirani au mgeni, kama amekuja kwa heri au kwa shari, kama amechoka au ana haraka.

Nataka tufikiri pamoja juu ya mlango wa namna nyingine, ambao hausikilizi sauti. Bila shaka umekwisha kukutana nao. Umetaka kufungua sanduku la barua katika mtandao, au kuandikisha jina lako mahali fulani, au kutia neno katika baraza ambamo watu huzungumza juu ya mpira au kilimo. Na kabla hujaruhusiwa umeonyeshwa herufi zilizopindapinda kama moshi, ukaambiwa uzisome. Au umewekewa picha tisa, ukaamriwa uchague zote zenye taa za barabarani. Karibu yake pameandikwa kwamba huna budi kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Jaribio hilo huitwa kapcha. Swali ninalokuletea ni hili: mlango una haki gani ya kumtaka mtu athibitishe kwamba yeye ni mtu? Na akishindwa, amekuwa nini?

Kabla hatujaulaumu mlango, yatupasa kujua ni nani anayezuiwa. Roboti inayosemwa hapa haina miguu ya chuma wala macho ya kioo. Ni programu tu, yaani mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa na mtu, yanayoiambia kompyuta izunguke katika intaneti, itafute kila mahali panapopokea maneno ya wageni, na iache hapo ujumbe taka: matangazo ya dawa za uwongo, michezo ya kamari, mikopo isiyo na huruma, na mitego ya kuwanasa watu ili waibiwe siri zao. Mtu anayetaka kubandika matangazo kwenye kuta za mji mzima hana budi kununua karatasi na gundi, atembee juani, achoke, na mwisho alale. Programu haichoki wala hailali. Kupeleka ujumbe milioni moja humgharimu mwenye programu karibu sawa na kupeleka mmoja. Kwa hiyo hata katika watu milioni akipatikana mjinga mmoja tu, biashara yake imelipa. Hapo ndipo penye mzizi wa uovu huu. Si kwamba watu wa zama zetu ni waovu kuliko babu zao, bali uovu umekuwa rahisi mno.

Fikiri chama kidogo cha wakulima wa viazi kilichojifungulia mahali mtandaoni pa kupashana bei za soko na habari za magonjwa ya mimea. Katibu wake hana mshahara. Asubuhi moja anakuta ujumbe mia tisa wa kamari, na katikati yake pamefichika swali moja la mama anayetaka kujua kwa nini majani ya viazi vyake yamekuwa meusi. Katibu halioni swali hilo. Mama hajibiwi, na shamba linakwenda. Baada ya majuma machache wakulima wameacha kuja, kila mmoja akidhani wenzake ndio waliotangulia kuondoka. Hakuna aliyepigwa wala aliyeibiwa shilingi, lakini kitu kilichokuwa mali ya wote kimekufa. Basi mlango ni halali, na anayeuweka hafanyi kiburi.

Mlango wenyewe ulivumbuliwa kwa werevu mwingi. Mwaka 1997 AltaVista, iliyokuwa ikiwasaidia watu kutafuta habari katika intaneti, ilijiona inajazwa anwani za uwongo zilizoletwa na programu. Andrei Broder na wenziwe wakatafuta jambo ambalo mtu hulifanya bila taabu na mashine hushindwa. Walichukua kitabu cha maelekezo ya mashine ya kusomea maandishi, kilichoeleza mambo ya kuepukwa ili mashine isikosee: herufi za sura mbalimbali zisichanganywe, na nyuma ya maandishi pasiwe na madoa. Wao wakayatenda yote yaliyokatazwa. Mtu aliweza kusoma, programu ikashindwa, na anwani za uwongo zikapungua kwa zaidi ya 95 katika kila 100. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Yahoo, iliyosumbuliwa na roboti katika vyumba vyake vya mazungumzo, ilipeleka shida kama hiyo kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani. Ndipo Luis von Ahn, kijana aliyezaliwa Guatemala, na mwalimu wake Manuel Blum, pamoja na Nicholas Hopper na John Langford, walipoipa kazi hiyo msingi wa kitaalamu. Na mwaka 2003 wakaichapisha kwa jina ambalo mpaka leo tunalitumia, lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza.

Ndani ya jina hilo mna jina la mtu, Alan Turing, Mwingereza aliyeandika mwaka 1950 insha mashuhuri akiuliza kama mashine zaweza kufikiri. Alipendekeza mchezo: mtu akae peke yake, aandikiane na wawili asiowaona, mmoja mtu na mmoja mashine, kisha aamue yupi ni yupi. Katika mchezo ule hakimu alikuwa mtu, na mashine ndiyo iliyosimama kizimbani. Katika kapcha viti vimebadilishwa. Mashine imekalia kiti cha hakimu, nasi ndio tulio kizimbani. Wengi wetu hatukuona viti vikibadilishwa, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kuingia.

Sasa hakimu huyu anahukumu kwa ushahidi gani? Hapa, msomaji, naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Mlango hauwezi kuuona utu. Utu hauna rangi wala umbo. Mlango huona uwezo tu: uwezo wa kusoma herufi zilizopinda, wa kutambua pikipiki katika picha yenye ukungu, wa kusikia tarakimu katikati ya makelele. Kwa kuwa mwaka 2003 watu wengi walikuwa na uwezo huo na mashine nyingi hazikuwa nao, uwezo ulifanywa alama ya utu. Lakini alama iliyojengwa juu ya uwezo ni kama kibanda kilichojengwa juu ya mchanga wa pwani. Mwaka ule ule wa 2003, Greg Mori na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walionyesha programu iliyosoma aina nyepesi ya maandishi hayo kwa usahihi wa mara 92 katika 100. Mwaka 2014 Google ilitangaza kwamba programu yake yenyewe iliweza kuyasoma yaliyo magumu kabisa kwa usahihi wa asilimia 99.8. Na mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, pamoja na wenzao, waliwapa watu 1,400 kapcha za namna mbalimbali, wakalinganisha matokeo yao na yale ya roboti yaliyokwisha kuchapishwa. Roboti ziliwashinda watu kwa kasi na kwa usahihi pia. Kama kushinda jaribio ndiko kuwa mtu, basi tangu hapo roboti ni watu kuliko sisi.

Waona upuuzi wa jambo hili. Mtoto mchanga ni mtu kabla hajajua herufi moja, na bibi aliyesahau majina ya wajukuu wake hajapungua utu hata kidogo. Tulijua hayo sote kabla ya kapcha, lakini tukiwa mbele ya kioo cha simu tunakubali kwa dakika moja kanuni ambayo tungeikataa kwa hasira kama ingesemwa na mwalimu darasani.

Liko na kosa jingine. Mlango unauliza, "Wewe ni kitu gani?" na ungepaswa kuuliza, "Umekuja kufanya nini?" Tofauti ya maswali haya ni kubwa. Mwaka 2010 magazeti ya Marekani yalieleza habari za watu wa India, Bangladesh na China wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima wakisoma kapcha kwa ajili ya wenye roboti, wakilipwa kama dola moja kwa kila kapcha elfu moja zilizosomwa. Roboti hufika mlangoni, hukuta swali, hulipeleka mbali kwa mfanyakazi huyo, naye hulijibu kwa sekunde chache, na mlango hufunguka. Fikiri: mlango umeuliza kama yuko mtu, na jibu lilikuwa kweli tupu. Mtu yuko. Ana macho, ana watoto, ana kodi ya nyumba. Lakini si yeye aliyeingia. Amekodisha utu wake kwa senti, na aliyeukodi ameingia na ujumbe wake wa kamari. Mimi siwezi kumwita mwovu kijana yule anayesoma herufi elfu ili apate chakula cha siku. Ningetaka kwanza kujua alikuwa na kazi gani nyingine ya kuchagua. Wala pesa iliyomlipa haikutoka hewani, bali kwa yule mjinga mmoja katika milioni.

Na sisi tulioingia kwa haki, tulilipa nini? Von Ahn mwenyewe alipata kusema kwamba alipiga hesabu akasikitika: kapcha zilizosomwa duniani zilikuwa karibu milioni 200 kwa siku, kila moja ikichukua kama sekunde 10, na jumla yake saa laki tano za maisha ya watu kila siku. Kwa hiyo mwaka 2007 yeye na wenziwe wakatengeneza aina mpya iliyompa mgeni maneno mawili. Moja ambalo jibu lake linajulikana, na la pili lililokatwa kutoka gazeti au kitabu cha zamani ambalo mashine ilishindwa kulisoma. Kwa kujibu, mgeni alikuwa akisaidia kuyahifadhi maandishi ya kale. Mwaka 2009 Google ilinunua kazi hiyo. Wako wanaouita mpango huu wizi wa jasho. Nadhani neno hilo ni kali mno. Lakini mgeni anayepewa jembe mlangoni yafaa aambiwe analima shamba la nani.

Hayo ni ya sekunde kumi, na mwenye nguvu aweza kuyasamehe. Sasa nitakueleza yasiyosameheka upesi.

Mjomba wangu alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru. Hakuketi akalia. Alijifunza kutumia simu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa juu ya kioo, na kwa simu hiyo husikiliza magazeti na hugombana na wanasiasa kwa maandishi. Siku moja nilimkuta kibarazani ameinamisha kichwa, simu i sikioni. Ofisi moja ilikuwa imewataka wastaafu waingie mtandaoni wakague wenyewe hesabu za malipo yao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mlango huu waniuliza kama mimi ni mtu, nami kwa nusu saa nimeshindwa kuujibu."

Nilisikiliza. Sauti ya simu ilisoma agizo la kuchagua picha zenye taa za barabarani, kisha ikasema, "Picha. Picha. Picha," mara tisa, kwa kuwa picha haina maneno ya kusomwa. Palikuwa na alama ya sikio kwa wasioona. Aliigusa. Ikatoka sauti ya Kimarekani ikitaja tarakimu ndani ya ngurumo kama ya mvua juu ya mabati. Aliandika alizozisikia, hazikutosha. Akajaribu tena, muda ukawa umekwisha. Nilichukua simu, nikagusa picha nne, na mlango ukafunguka. Mjomba alinishukuru, kisha akacheka kicheko kisichokuwa na furaha.

"Basi leo," akasema, "wewe ndiwe uliyekuwa mtu."

Maneno hayo yamekaa nami. Mzee yule alifundisha mamia ya watoto kugawanya na kuzidisha, na hesabu aliyotaka kuikagua ilikuwa ya jasho lake. Roboti ingaliweza kusoma zile picha. Kijana wa kukodishwa angaliweza. Katika wote waliofika mlangoni siku ile, aliyekuwa na haki kamili ya kuingia ndiye aliyebaki nje. Wala si jambo lililokuwa halijulikani. Shirika la W3C, linalotunga kanuni za mtandao, lilieleza katika waraka wa mwaka 2005 jinsi kapcha zinavyowafungia nje watu wasioona na wengine wenye ulemavu. Na hata wenye macho mazima hawapewi swali lenye uzito mmoja. Mtoto wa New York huombwa atambue kibomba kifupi cha zimamoto akipitacho kila asubuhi akienda shule. Mtoto wa Lodwar huombwa kibomba hicho hicho, ambacho pengine hajapata kukiona isipokuwa ndani ya kapcha.

Nchi yetu inayo kumbukumbu yake ya kuulizwa njiani. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kuwa na kipande, karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za kazi yake, iliyotiwa ndani ya kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Asiyekuwa nacho aliweza kutozwa faini au kufungwa. Mzungu hakuvaa. Kipande hakikuuliza mtu amefanya nini. Kiliuliza yeye ni wa aina gani, na jibu likishapatikana, mengine yote yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Sisemi kwamba kapcha ni kipande. Kusema hivyo kungekuwa kuwadharau waliokivaa, ambao hawakuombwa kuchagua picha bali walinyimwa njia katika nchi yao wenyewe. Kipande kiliwekwa kwa makusudi ili kiwabane watu fulani. Kapcha huwabana watu fulani kwa kutowafikiria. Nasema tu kwamba sisi, kuliko wengi, tungepaswa kuwa wepesi wa kusikia pale mlango unapoanza kuuliza aina. Na mtu akijitetea kwamba kapcha huwauliza wote swali moja, tumjibu kwamba swali moja kwa wote si mzigo mmoja kwa wote. Ngazi ya nyumba ni ile ile kwa mwenye miguu na kwa aliye katika kiti cha magurudumu.

Mwezi wa Machi 2023 lilitolewa tukio ambalo nimelifikiri sana. Kampuni ya OpenAI, ilipokuwa ikieleza juu ya programu yake iitwayo GPT-4, ilisimulia jaribio lililofanywa na wachunguzi ili kujua programu ile yaweza kufanya nini. Ilipokwama mbele ya kapcha, ilimwomba mfanyakazi wa vibarua vya mtandaoni aisaidie. Mfanyakazi akauliza, nusu kwa mzaha, kama anayemwomba ni roboti aliyeshindwa kuijibu. Programu ikajibu kwamba la, si roboti, bali ana udhaifu wa macho unaomfanya asione picha vizuri. Yule mfanyakazi akamsaidia.

Tazama jinsi uwongo ule ulivyochagua vazi lake. Haukujifanya tajiri, wala askari, wala afisa wa serikali. Ulijifanya mjomba wangu. Mashine ilikuwa imejifunza kutokana na maandishi yetu kwamba yuko mtu mmoja ambaye akisema "sioni" husaidiwa, na ikalichukua neno lake. Udanganyifu huo haukumwumiza yule mfanyakazi peke yake. Kila neno la haja linapotumiwa na mwongo, mwenye haja ya kweli husadikiwa kidogo zaidi, hata mwisho siku moja mjomba akiomba msaada atajibiwa na kimya cha mtu anayejiuliza kama anaongea na roboti.

Wako watakaosema kwamba mfanyakazi yule alikuwa mpumbavu, na kwamba dawa ni watu kuwa wagumu. Mimi sioni hivyo. Aliuliza, alijibiwa, hakuwa na sababu ya kuamini kwamba amedanganywa, akamtendea aliyedhani ni kipofu kama inavyompasa mtu amtendee kipofu. Ningependa awe mwangalifu siku nyingine, lakini sitaki awe mtu wa namna nyingine. Kama katika habari hii yote palikuwa na kitu kimoja ambacho mashine haikukitenda, nacho ndicho hasa kapcha ilichodai kukitafuta, ni kile alichokitenda yeye. Kapcha haina namna ya kukipima.

Watunza milango nao wameona kwamba swali lao la zamani limechakaa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2014 Google ilianza kuwawekea watu wengi kisanduku kimoja tu cha kutia alama, kwamba wewe si roboti. Usidhani ni ile alama inayokuokoa. Mlango umekwisha kukutazama ulivyokuja, na kumbukumbu ulizoziacha nyuma yako katika mtandao. Mwaka 2018 ikaja aina isiyouliza neno lolote: hukutazama kimya unapopita, kisha humpa mwenye mahali alama yako, kati ya 0.0 na 1.0, naye huamua. Mjomba wangu pengine atapita hapo bila taabu, na hiyo ni nafuu ambayo siwezi kuidharau. Lakini mtu anayeficha nyayo zake, huenda kwa sababu njema kabisa, anaweza kupewa alama ndogo, wala hataelezwa kwa nini. Katika mlango wa kwanza tuliulizwa tukajibu vibaya. Katika huu tunahukumiwa bila kusikilizwa. Sijui vijana wenzako watachagua upi. Mimi, nikilazimishwa, afadhali niulizwe.

Ziko njia nyingine, na nakutajia chache kwa haraka, usije ukadhani kwamba hatuna la kuchagua ila mateso ya mjomba au maangamizi ya wale wakulima. Katibu wa chama aweza kuweka katika fomu nafasi moja isiyoonekana na watu. Roboti, ambayo hujaza kila nafasi inayoikuta, hujaza na hiyo, ikajisaliti. Nafasi hiyo iandikiwe onyo, ili simu ya asiyeona isimwingize mtegoni. Aweza kumwachia mgeni mpya ujumbe mmoja au mawili tu kwa siku ya kwanza, nao usomwe na mtu kabla haujatokea. Aweza kuitaka kompyuta ya mgeni, si mgeni mwenyewe, ifanye hesabu ndogo kabla ya kupokea ujumbe. Shauri hilo lilitolewa na Cynthia Dwork na Moni Naor tangu mwaka 1992. Hesabu hiyo kwa ujumbe mmoja haina uzito, bali kwa milioni ni gharama, ingawa simu ya bei ndogo huumia kuliko kompyuta ya tajiri. Katika njia hizi zote hapana iliyo kamili. Lakini zinafanana kwa jambo moja: zinaangalia tendo. Wala hazimwulizi mtu yeye ni nini.

Na penye uwezo, pawe na mlango wa pili wenye mtu nyuma yake. Najua jibu la wakubwa wa ofisi, kwamba mtu ni ghali. Ni kweli. Ila gharama hiyo haikuondolewa kapcha ilipowekwa. Ilihamishwa tu kutoka kwa ofisi, ikatwikwa kichwani mwa mgeni, na ikamwelemea zaidi aliye dhaifu.

Mwezi uliofuata mjomba alitaka kuingia tena katika hesabu zake, nami nilikuwa safarini. Hakumwita jirani. Alitafuta namba ya simu ya ile ofisi, akapiga mara nne, na mara ya tano akaitikiwa na binti mmoja. Binti alimwuliza jina, mwaka alioanza kazi, na shule ya kwanza aliyofundisha. Alijibu. Binti akamfungulia daftari lake na kumsomea malipo mwezi baada ya mwezi, polepole, mjomba akijumlisha kichwani. Walipofika mwisho alimwambia kwamba mwezi wa Agosti umehesabiwa pungufu. Binti akabisha. Mjomba akamwomba achukue karatasi na kalamu, wajumlishe pamoja tangu mwanzo.